Chokaa ya Anayehama

Katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi imezoeleka siku hizi mpangaji mpya kufungua mlango na kukuta wa zamani bado yumo. Mwenyewe ameshaondoka na godoro lake, lakini mafuta yake ya kukaangia yameganda ukutani juu ya jiko, nywele zake zimeziba tundu la maji bafuni, kalenda yake ya mwaka juzi inaning'inia kwenye msumari, na nyuma ya mlango kuna mfuko wa vitu ambavyo hakutaka kuvibeba wala kuvitupa. Mwenye nyumba akiulizwa hujibu kwamba fundi wa rangi atapita. Na kweli fundi hupita. Hupaka juu ya mafuta, juu ya utando wa buibui, na wakati mwingine juu ya msumari wenyewe, na nyumba huhesabiwa kuwa imetengenezwa. Kilichopotea hapo, kwa maoni yangu, ni ufundi kamili, uliokuwa na utaratibu wake, vifaa vyake na watu waliosifika kwa kuujua. Hatukunyang'anywa ufundi huo na mtu yeyote. Ulikufa tulipoacha kumfikiria anayeingia baada yetu.

Waliojua kazi hii waliianzia juu. Vyombo vikishatolewa uani, fagio la chelewa lilifungwa kwenye mti mrefu na kupitishwa kwenye boriti na pembe za dari, masizi na tandabui vikaanguka vyote mara moja. Zikafuata kuta, kisha madirisha na wavu wa mbu, ambao huficha vumbi kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, kisha milango, hasa pale penye usawa wa kitasa ambapo mikono ya miaka mingi huacha doa jeusi la jasho. Jikoni palikuwa na siku yake peke yake. Masizi ya kuni na mkaa hayatoki kwa maji matupu, kwa hiyo yalisuguliwa kwa majivu na kumbi la nazi. Majivu yana ukali wa jamii ya magadi unaokata mafuta, na ukali huohuo ndio tunaouziwa leo kwenye chupa zenye nembo za kumetameta. Yote hayo yalifanywa mchana. Kufagia usiku ni kufagia riziki, ndivyo watu wa pwani walivyoamini, na hata asiyeamini kwamba riziki hukaa kwenye vumbi atakubali kwamba kwa mwanga wa kibatari hakuna anayeiona pembe ya chumba. Sakafu iliachwa hadi mwisho kabisa. Mwenye kupiga deki alianzia kona ya mbali, akarudi kinyumenyume hadi kizingitini huku akifuta nyayo zake mwenyewe, na akishavuka kizingiti hakuingia tena. Aliyesahau kitu ndani alikuwa na hiari mbili: akisamehe, au aianze sakafu upya.

Kilele cha kazi kilikuwa chokaa. Pwani ya Waswahili imejengwa kwa chokaa: matumbawe yalichomwa kwa magogo, yakazimwa kwa maji, na kilichopatikana kikashikilia mawe ya misikiti na majumba ambayo magofu yake bado yamesimama Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, mahali ambapo UNESCO ilipaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Hayo yameandikwa na wengi. Mimi nitabaki na ndoo moja ya mpangaji. Chokaa ya kupaka hulowekwa tangu usiku, huchujwa kwa kitambaa ili punje zisikwaruze ukuta, hutiwa konzi ya chumvi ili ishike, na wako walioongeza buluu kidogo ya kufulia ili weupe usiwe na umanjano. Inatakiwa iwe nyepesi kama tui la pili, ipakwe mkono wa kwanza, ikauke, kisha ipakwe wa pili na wa tatu. Anayeikoroga nzito ili amalize kwa mkono mmoja humwachia mwenzake ukuta unaochafua mgongo wa kila anayeuegemea. Tena chokaa mbichi haionekani. Ukipitisha brashi, unaona ukuta ulioloa tu; weupe huja baadaye, kadiri chokaa inavyokauka na kuvuta hewa ukaa hadi inarudia kuwa jiwe. Kwa hiyo mpakaji hana jicho la kumwambia mahali aliporuka. Anategemea mkono wake na hesabu ya mapito yake, kutoka juu kwenda chini, kisha kushoto kwenda kulia. Na kwa anayehama jambo hili lina uzito wa pekee, maana ukuta hufikia weupe wake wote siku zinazofuata, naye yuko mtaa mwingine akifungua mabunda. Anafanya kazi ambayo hataiona ilivyotoka.

Chokaa ina sifa nyingine ambayo mimi naihesabu kuwa ushahidi mkubwa katika hoja hii: haipokei udanganyifu. Ukiipaka juu ya masizi ambayo hayakuoshwa, masizi hupenya na kurudi juu kama doa la kahawia, na kila ukiongeza mkono mwingine doa hurudi tena. Ukiipaka juu ya vumbi, hupukutika. Chokaa ilimlazimisha mtu asafishe kwanza ndipo apake, na kwa hiyo kuta nyeupe za zamani zilikuwa kama hati ya kwamba kazi ya chini imefanyika. Rangi za plastiki za leo zina uvumilivu mkubwa kuliko huo. Hufunika mafuta, ukungu na alama za vidole kwa miezi kadhaa, muda unaotosha mwenye nyumba kupokea kodi na fundi kupotea, kisha huvimba na kubanduka kwa mabamba. Bila shaka rangi yenyewe haina dhambi. Ikipakwa juu ya ukuta uliosuguliwa hudumu vizuri. Ila kifaa kinachosamehe uzembe hufundisha uzembe.

Ufundi huu ulikuwa na watu wake. Walimu, manesi, mabwana shamba, polisi na wafanyakazi wa reli waliishi kwenye kota, au landhi kama walivyoziita Nairobi na Mombasa, na walihamishwa mara kwa mara: mwaka huu Bukoba, mwaka kesho kutwa Lindi. Nyumba ilikuwa ya mwajiri. Anayetoka aliikabidhi kwa karatasi iliyotaja funguo, vioo na makabati. Karatasi haikutaja masizi, lakini masizi yalisimamiwa na kitu chenye nguvu kuliko karatasi. Wote walikuwa na kazi moja, na habari zilipanda basi moja na mizigo. Mwalimu aliyeacha nyumba chafu alifika kituo kipya sifa yake ikiwa imeshamtangulia, na huko nako alikuwa anakwenda kuingia nyumba iliyoachwa na mwalimu mwingine. Kila mtu alikuwa mwenye kuacha na mwenye kukuta kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila mtu alijua kipimo. Mnyororo huo ulikatika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya Tanzania iliuza nyumba zake kwa maelfu, nyingi kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo, na anayehamishwa leo hutafuta chumba mtaani kupitia dalali. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake na hana haja ya kumkutanisha anayetoka na anayeingia. Kwake ni heri wasionane kabisa, wasije wakalinganisha kodi.

Atakayenipinga atasema ninawapamba wazee. Atasema walisafisha kwa hofu na wala hawakuwa na hisani yoyote: nywele, kucha na matambara ya mtu yakibaki nyuma yanaweza kuokotwa na asiyemtakia mema. Hofu hiyo ilikuwepo, na ipo hadi leo katika mitaa mingi. Lakini tuipime. Anayeogopa kurogwa anahitaji kukusanya nywele zake na kuzichoma, na hapo usalama wake umetimia. Hakuna mchawi anayehitaji wavu wa mbu wenye vumbi, wala hofu haimwamuru mtu kupanda ngazi na kupaka mikono mitatu ya chokaa kwenye ukuta ambao hataulalia tena. Kazi ilizidi hofu mno, kiasi kwamba lazima tutafute sababu yake kwingine.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Mpangaji wa leo, hasa Tanzania, hulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, huweka amana ambayo huenda asiione tena, na huvumilia choo kibovu kwa muda wote huo. Iweje amsafishie mwenye nyumba bure? Hasira hii ina haki. Lakini imeelekezwa kwa asiyehusika, kwa sababu mwenye nyumba hatalala kwenye uchafu ule. Atakayelala humo ni mpangaji mwingine anayefika na mkokoteni jioni, watoto wana njaa, maji ya bomba hayatoki, na jambo la kwanza analopaswa kulifanya ni kugusa uchafu wa mtu asiyemjua. Tena uchafu ndio kisingizio chepesi cha kushikilia amana. Sheria nayo haitoshi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, na ya Kenya ya mwaka 2012, humtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, uchakavu wa kawaida ukisamehewa. Ni haki, lakini ifuate hesabu yake hadi mwisho: kila anayehama akiacha alichokikuta ukitoa uchakavu, nyumba inashuka ngazi moja kwa kila mpangaji, na wa kumi anakuta kibanda. Mwenye chokaa aliirudisha nyumba juu. Aliacha zaidi ya alichokikuta, na ziada hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa inalipia uchakavu ambao sheria imeuacha bila mwenyewe.

Wapo pia wanaosema kwamba nyumba za vigae na madirisha ya alumini hazihitaji hayo, hupigwa deki mara moja na kung'aa. Wanaosema hivyo hawajainama. Uchafu wa nyumba ya vigae umehamia kwenye mistari kati ya vigae, kwenye reli za madirisha ambamo vumbi hugeuka tope, na nyuma ya jiko la gesi. Wakosoaji wenye haki zaidi ni wanawake. Wao ndio waliosugua majiko, huku wanaume wakishika ngazi na brashi ya chokaa kwa siku moja na kupokea sifa ya nyumba nzima. Hilo ni kweli na sina utetezi nalo. Lakini dhuluma ya mgawo wa kazi hurekebishwa kwa kugawa upya, na sisi tulichagua njia rahisi zaidi: mwanamke alipopata ajira, na haki ikiwa kwamba mwanamume ainame naye achukue kumbi, wote wawili waliliacha kumbi chini wakamwita fundi wa rangi.

Hata chokaa yenyewe imeanza kukosa pa kwenda. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, una kuta za matumbawe zinazohitaji chokaa ili zitoe unyevu wake nje. Zikisiribwa saruji na kufungwa kwa rangi ya plastiki, unyevu na chumvi hubaki ndani na kuutafuna ukuta taratibu. Wahifadhi wamelisema hilo kwa miaka. Wapangaji wa nyumba hizohizo bado hupewa kopo la rangi, kwa kuwa kopo lipo dukani, rangi yake hukauka saa hiyohiyo, na haidai mtu aoshe chochote kwanza. Mafundi wanaojua kuzima chokaa vizuri wamebaki kwenye miradi ya majumba ya kihistoria, ambako hulipwa na wafadhili. Kwenye duka la kawaida la vifaa vya ujenzi mfuko wa chokaa bado unapatikana, lakini anayeuulizia siku hizi ana uwezekano mkubwa wa kuwa kocha wa timu ya mtaani, anayetaka kuchora mistari ya uwanja kabla ya mechi ya Jumamosi.