Ulinganifu na Ufanisi: Uhakiki wa Hoja ya Sadi Carnot katika Upangaji wa Nishati

Utangulizi

Mwaka 1824, mhandisi Mfaransa Sadi Carnot, akiwa na umri wa miaka 28, alichapisha jijini Paris kitabu chembamba kiitwacho Réflexions sur la puissance motrice du feu. Kilisomwa na wachache hadi Émile Clapeyron alipokipa umbo la kihisabati mwaka 1834, miaka miwili baada ya mwandishi wake kufariki. Leo kikomo alichokibainisha ni sehemu ya msingi ya mafunzo ya uhandisi wa joto. Hata hivyo, kufundishwa sana si kusomwa vyema. Makala haya yanadai kwamba ulinganifu, ulio uti wa mgongo wa hoja ya Carnot, ni kipimo cha mashine wala si lengo lake, na kwamba kuyachanganya mambo hayo mawili hupotosha uamuzi kuhusu mitambo ya umeme.

Nguvu na udhaifu wa hoja

Carnot alilifananisha joto na maporomoko ya maji: kama maji yatoavyo nguvu kwa kushuka, ndivyo joto litoavyo nguvu kwa kuteremka kutoka penye moto hadi penye baridi. Kisha aliwazia injini ambayo mwendo wake wa mbele na wa nyuma unalingana. Ikienda mbele, huchukua joto na kutoa kazi; ikirudi nyuma, hupokea kazi ileile na kulirudisha joto lilikotoka. Kama ingekuwako injini bora kuliko hiyo, ingeweza kuiendesha kinyumenyume, joto likarudi tanurini na kazi ya ziada ikabaki bure. Kwa kuwa kazi haipatikani bure, hakuna injini inayoweza kuipita.

Udhaifu wa kitabu unajulikana: kinachukulia joto kuwa kitu kisichopungua. Mwaka 1850, Rudolf Clausius alionyesha kuwa sehemu ya joto hugeuka kuwa kazi, akaisimika hoja juu ya kanuni nyingine, kwamba joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi hadi penye moto. Msingi ulibadilishwa, nyumba ikabaki imesimama. Hilo lathibitisha kuwa uzito wa hoja ulibebwa na ulinganifu, si na dhana ya joto aliyoirithi mwandishi.

Bei ya ulinganifu

Ili injini ilingane kikamilifu, joto lazima lipite pasipo tofauti ya jotoridi, yaani polepole pasipo kikomo. Mashine ya namna hiyo ina ufanisi wa juu kabisa, lakini haitoi umeme wowote kwa saa. Mwaka 1975, Curzon na Ahlborn walikokotoa ufanisi wa injini inayotoa nguvu nyingi kadiri iwezekanavyo. Kati ya kelvini 450 na 300, kikomo cha Carnot ni asilimia 33, ilhali kanuni yao hutoa takribani asilimia 18. Nayo isichukuliwe kuwa dari mpya: imejengwa juu ya dhana ya ulinganifu kamili ndani ya injini na sheria mahususi ya upitishaji joto. Mtambo ukiendeshwa taratibu zaidi waweza kuizidi.

Kwa hiyo, kuulinganisha mtambo wa jotoardhi, kama ile ya Olkaria nchini Kenya, na mtambo wa dizeli kwa asilimia peke yake ni kosa. Mvuke wa ardhini una jotoridi la chini kuliko mwako wa mafuta, hivyo kikomo chake ni kidogo tangu mwanzo. Tena joto lake halinunuliwi kwa lita. Swali la haki ni mtambo umekikaribia kikomo chake kwa kiasi gani, na kwa gharama ipi. Carnot mwenyewe alihitimisha kwa kuonya kwamba kuokoa kuni au makaa ni sharti moja tu; usalama, uimara na bei ya mashine mara nyingi hutangulia.

Ulinganifu katika gridi

Katika umeme wa fezi tatu, mizigo ikilingana, mikondo hufutana katika waya wa nyutro na jumla ya nguvu haipandi wala kushuka. Isipolingana, nyutro hubeba mkondo na mota hupata joto bure. Mwaka 1918, Charles Fortescue alionyesha kuwa hali yoyote isiyolingana yaweza kuchambuliwa kuwa jumla ya sehemu zenye ulinganifu. Hapa ulinganifu ni lugha ya kuelezea upungufu wake wenyewe. Tena, tofauti na injini ya joto, kuukaribia hakupunguzi nguvu: kuwagawa wateja vyema kati ya fezi huleta nafuu kwa gharama ndogo.

Hitimisho

Neno ufanisi, lenye asili katika kufana, hubeba sifa njema hata pale linapotaja uwiano mtupu. Mshauri wa sera akisoma kuwa mtambo una ufanisi mdogo, husikia kuwa umeshindwa. Nyaraka za nishati zingefaa kutenganisha mambo matatu: asilimia ya joto iliyogeuzwa kazi, sehemu ya kikomo iliyofikiwa, na gharama ya kila uniti inayomfikia mtumiaji. Ulinganifu hujibu swali la pili peke yake. Ukiachiwa kujibu yote matatu, huenda taifa likakataa mtambo mwema kwa sababu ya tarakimu sahihi iliyosomwa vibaya.