Zimwi Halijifichi

Kuna fumbo linaloanza na nzi. Kijana mgeni, mtanashati, amefika ngomani, na wasichana wote macho kwake. Ngoma inapovunjika wanamfuata wakaone kwao. Njiani mmoja wao, mara nyingi aliye mdogo kuliko wote, anamwona nzi akitua kisogoni mwa mgeni, akipenya chini ya nywele, asitoke. Wa pili naye anaingia, asitoke. Wasikilizaji waliozunguka moto, iwe ni Runyenjes, Siakago au Chuka, wamekwisha kuelewa: chini ya nywele zile kuna mdomo mwingine, na huyo anayetangulia njiani ni zimwi. Msichana bado anajiuliza. Wenziwe bado wanacheka. Kwao ni mbali, na jua linazama.

Nataka kuusifu ufundi wa mtu anayetamba hadithi hiyo. Kuzunguka Mlima Kenya, upande wa Embu, Mbeere, Tharaka na Meru, mtu huyo mara nyingi alikuwa nyanya, na ukumbi wake ulikuwa jikoni. Tumezoea kumheshimu kama hazina ya mila. Heshima hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi, kwa sababu inamsahau kama fundi. Nyanya huyu alikuwa bingwa wa jambo gumu sana katika utunzi: fumbo lenye mazimwi na mizimu ndani yake, linalotisha na kuchekesha kwa pamoja, na ambalo mtoto akimaliza kulisikiliza anaweza kwenda kulala bila woga.

Kazi yenyewe ilipangwa na chungu. Mahindi na maharagwe ya githeri hayaivi upesi, na watoto wenye njaa husinzia kabla chakula hakijaepuliwa. Hadithi iliwaweka macho. Haikuwa ya kutambwa mchana, wakati wa shamba na mifugo, hivyo giza lilikuwa sehemu ya kisa hata kabla ya neno la kwanza. Mtambaji hakuhitaji kuueleza usiku. Usiku ulikuwa mlangoni. Alichohitaji ni kipimo: tisho la kumfumbua mtoto macho, na kicheko cha kumzuia asikimbilie mapajani mwa mamaye. Kipimo hicho alikisoma kwenye nyuso zilizomulikwa na moto. Akiona mtoto amejikunyata, zimwi lilijikwaa. Akiona wamelizoea, zimwi lilisogea.

Mwaka 1929 Ronald Knox, kasisi Mwingereza aliyeandika pia hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi za kuiongoza fani hiyo. Moja ilipiga marufuku nguvu za kimiujiza. Nyingine ilitaka msomaji asifichwe dalili yoyote aliyoiona mpelelezi. Hofu iliyo nyuma ya ile marufuku inaeleweka: mzimu ukishaingia, mtunzi mvivu anaweza kuubebesha kila asichoweza kukieleza. Mtambaji wa Embu angeivunja amri hiyo bila kusita, na ile nyingine angeitii kuliko waandishi wengi. Zimwi lake halijifichi. Lina mdomo kisogoni, lina tabia zake, lina mipaka ya nguvu zake, na kila ushahidi umewekwa hadharani mbele ya mtoto wa miaka mitano. Kinachobaki ni nani atauona kwanza.

Ushahidi mwingine ni wa kusikia. Katika hadithi ya watoto wanaofungua mlango kwa wimbo wa mama yao tu, zimwi linajifunza wimbo ule ule, maneno yale yale, ila sauti ni nzito. Kwenye karatasi tofauti hiyo inaishia kwenye neno moja, “nzito”. Kinywani mwa mtambaji inasikika: anaimba kama mama, kisha anaimba kama zimwi, na masikio ya watoto ndiyo yanayopeleleza. Baadaye zimwi linarudi likiwa limelilainisha koo lake, na sauti mbili zinakaribia kufanana. Mtambaji hodari huacha tofauti ndogo mno, pengine pumzi iliyovutwa mahali pasipofaa, na atakayeikamata ameshinda.

Kisha kuna kisa cha mke wa mhunzi, ambacho kwangu ndicho kilele cha sanaa hii. Mume yuko mbali kiwandani anafua vyuma. Mke anajifungua, na anayekuja kumkunga na kumuuguza ni zimwi. Linapika, linaandaa, linamkaribisha mzazi chakula. Kabla hajanyoosha mkono linaamua kwamba hana njaa, nalo linakila chote. Watoto huangua kicheko hapa, kwa kuwa adabu zote za mwenyeji mwema zipo, isipokuwa chakula. Lakini kicheko kinabeba hatari ndani yake, maana mzazi anakonda siku baada ya siku. Uani kuna mbegu za mbarika zilizoanikwa, na njiwa huja kuzidonoa. Mwanamke anapatana na njiwa: kula ushibe, nawe unipelekee habari. Njiwa anafika kwa wahunzi, anaimba, anafukuzwa. Anarudi, anafukuzwa tena. Mwishowe mmoja wao anatua nyundo na kusikiliza maneno ya wimbo, na mumewe anatambua kwamba anayeimbwa ni mke wake, naye anakwenda kumwokoa.

Tazama kisa kilivyofungwa. Mbegu zilikuwa uani. Njiwa walikuwa wakizila. Mhunzi alikuwa akifua mikuki. Kila kilichohitajika kwa wokovu kilikuwapo kabla ya muujiza wowote, na muujiza wenyewe, yaani ndege anayesema, unamfaa tu mtu aliye tayari kukatiza kazi yake na kusikiliza. Mtunzi wa riwaya angejivunia mpango wa namna hiyo.

Wameru waliupeleka ufundi huu hadi kwenye simulizi ya asili yao. Wazee wao walieleza, na Mmarekani Jeffrey Fadiman akayakusanya maelezo ya namna hiyo kitabuni mwaka 1993, kwamba mababu zao waliishi Mbwaa, kando ya bahari, chini ya watawala waliowaita Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa mitihani isiyowezekana. Leteni ndama anayekunya kinyesi cheupe. Leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Toeni tunda lililo ndani kabisa ya shimo. Hapo mtambaji hunyamaza, kwa sababu jibu ni la wasikilizaji kwanza. Ndama alilishwa maziwa matupu. Kiatu kilikatwa kwenye ngozi inayoning’inia shingoni mwa ng’ombe. Shimo lilijazwa maji, na tunda likaelea lenyewe. Historia ya watu wazima imesimuliwa kwa umbo la mafumbo, na mtoto anayeipokea anapokea pia imani kwamba akili ya mnyonge inaweza kumshinda mwenye nguvu. Bahari iliyopasuka mbele ya fimbo ya kiongozi wao Koomenjwe, walipotoroka, ilikuja baadaye, baada ya akili kufanya kazi yake yote.

Hadithi ya mazimwi ina sharti jingine ninalolipenda zaidi: kilichomezwa hurudi. Zimwi linapokaribia kufa huagiza kidole chake kikatwe, na humo wanatoka watu, mbuzi na ng’ombe liliowala, wakiwa hai, na kila mmoja anarudi kwao. Wapo wanaouona mwisho huu kuwa wa kitoto. Mimi nauona kuwa uamuzi wa kisanaa uliofikiriwa sana. Mtambaji amewatisha watoto kwa ajili ya ukweli fulani: kwamba mgeni mzuri anaweza kuwa hatari, kwamba mwema wa maneno anaweza kukunyima chakula. Akishaufikisha ukweli huo, hana sababu ya kuwaachia hofu iwasindikize kitandani. Analijaza tena boma alilolibomoa.

Lakini fundi wa kweli anajua pia fumbo lisilofaa kufumbuliwa. Karibu na Runyenjes, kwenye barabara ya kutoka Embu kwenda Meru, kuna kichaka kitakatifu cha Mwenendega, jirani na maporomoko ya Mbui Njeru. Waembu husimulia kwamba Mungu alimpa Mwenendega mahali hapo, akampa mke, Ciurunji, na mali, kwa sharti moja: asiseme vilikotoka. Siku ya sherehe, pombe ikiwa imemlegeza ulimi, jamaa mmoja alimuuliza siri ya utajiri wake, naye akaitoa. Giza na tufani vikauangukia mji wake. Hakuna kidole cha kukata hapa. Mtambaji anayesimulia hadithi ya zimwi na hadithi ya Mwenendega amewafundisha wasikilizaji wake kupambanua: siri ya anayetaka kukula, ifichue, siri ya neema uliyopewa kwa ahadi, itunze. Mapori na maji ya huku yanabeba visa vya namna hiyo kwa wingi. Hata Ziwa Nkunga, kwenye kreta juu ya mji wa Meru, wenyeji waliliwekea dude lake la majini, na huko huko wanasayansi wamezamisha vyombo matopeni na kuyasoma mabaki ya maelfu ya miaka ili wajue mazingira ya kale yalivyokuwa. Dalili ndogo, mtu mwenye subira, na jambo kubwa linalofunuka.

Wasomaji wa Kiswahili wana ndugu wa mtambaji huyu katika maandishi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akamtuma mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake mahali panapoogopwa, na hatia ikapatikana kwa binadamu. Nampenda Bwana Msa. Hata hivyo nyanya wa Mbeere alifanya jambo ambalo yeye hakuhitaji kulifanya: aliuacha mzimu ubaki mzimu, na bado akaipa akili kazi yake yote.

Hadithi hizi hazijapotea. Ciarunji Chesaina alizikusanya za Embu na Mbeere katika kitabu chake cha 1997 kuhusu fasihi simulizi ya jamii hizo, na wanafunzi wa sekondari nchini Kenya husoma fasihi simulizi darasani. Kitabu kinahifadhi kisa, na ni kazi ya kushukuriwa. Kile kipimo cha tisho na kicheko hakihifadhiki hivyo. Kinaishi katika kutamba. Mtahiniwa anaweza kuorodhesha sifa zote za hadithi za mazimwi na asiwahi kumtisha wala kumchekesha mtu. Basi mwalimu ampe kisa kimoja na wadogo zake wa darasa la pili, amwambie akitambe. Dakika chache zitamwonyesha kama dalili ameitoa mapema mno, kama sauti mbili zilitofautiana, kama amewarudisha wote waliomezwa. Akikosea, akipange upya na kukitamba tena kesho, kama walivyofanya waliomtangulia, mpaka wasikilizaji wakatae kuondoka na wadai kingine.