Seti ya Uru Haijatoka

Karata nzuri humwangukia yeyote. Mtoto aliyefundishwa jana anaweza kugawiwa ree mbili na seti ya turufu, akashinda, akatamba mtaa mzima. Ufundi hauko hapo. Uko kwa mtu aliyegawiwa takataka, tatu ya hiki na tano ya kile, naye akazicheza mpaka wenye ree wakajikuta wamefungwa kwa alama mbili. Mtu huyo hana bahati kuwapita wenzake. Anakumbuka. Kila karata iliyotoka anaijua imetoka mkononi mwa nani na imekula nini, na kwa kuzijua zilizopita anazijua zilizobaki. Fani hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu, na nimeiona mahali pawili ambapo watu hawapataji kwa pumzi moja: barazani Kariakoo, na kwenye meza za ishirini na moja za kasino, hapa nyumbani na ugenini.

Nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye baraza ya saruji mbele, zimebaki chache Kariakoo. Nyingi zimevunjwa na mahali pake pamesimama maghorofa yenye maduka chini na stoo juu. Wachezaji hawakupotea na baraza zao. Wamehamia kwenye ngazi za hayo maghorofa, kwenye mabenchi ya wauza kahawa, kwenye vichochoro vya Mtaa wa Pemba na Narung'ombe ambako mikokoteni huegeshwa. Ikishaswaliwa alasiri utawakuta: huku ubao wa drafti na vizibo vya soda, huku karata, na katikati birika la kahawa juu ya jiko la mkaa na sahani ya kashata.

Mchezo ambao wazee wanauheshimu kuliko yote ni wahedi wa sitini. Nane, tisa na kumi huwekwa kando. Ree ina alama 11, seti 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Zilizosalia hazina kitu, ingawa zikiwa turufu zinaweza kuua ree ya watu. Kila rangi ina alama 30, rangi zote nne zinafanya 120, na upande unaofikisha 61 umeshinda. Wanacheza wawili kwa wawili, mtu na mwenzake wakikaa kuelekeana. Karata zilizoliwa hulazwa kifudifudi, na kwenye benchi ninalokaa mimi hakuna ruhusa ya kuzifunua. Ukitaka kujua mmefikia ngapi, uliza kichwa chako.

Hapo ndipo kazi ilipo. Mchezaji anajumlisha alama za upande wake; za wapinzani anazipata kwa kutoa. Wakati huohuo anahesabu turufu zilizokwisha kutoka, anakumbuka ree zipi zimekufa, anaangalia nani kasita kabla ya kutupa. Haya yote yanakwenda kwa kasi, kwa sababu karata ya baraza haichezwi polepole, na katikati ya kelele: mtu anauliza bei ya vitenge, bodaboda inapiga honi, mchukuzi anapita na robota begani akipiga mluzi watu wapishe.

Kuna mzee mmoja, mfanyabiashara wa nguo tangu ujana, ambaye ningependa kila mwenye kupenda karata amwone mara moja. Jioni moja turufu ilikuwa uru. Upande wake ulikuwa na 47. Mkononi alikuwa na ree ya kopa, na mara mbili ilijitokeza nafasi ya kuila nayo karata ya maana. Mwenzake alimtazama kwa macho ya kuomba. Mzee akaiacha ree palepale, akatupa takataka. Seti ya uru ilikuwa haijatoka, na ndiyo turufu pekee ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Zikabaki karata mbili mbili. Ikachezwa pao, mpinzani wa kushoto akaona bora achukue kuliko kukosa yote, akashusha seti ya uru. Mzee akatoa tatu ya pao bila hata kuangalia alichokitupa. Ikabaki karata moja kwa kila mtu. Mpinzani akaweka mzungu wa nne wa kopa, kwani hakuwa na nyingine. Ree ikashuka juu yake. Kumi na moja na nne ni 15, na 47 ni 62. Mzee alikuwa ameshasimama kwenda kutawadha kabla watazamaji hawajamaliza kujumlisha.

Hawawekeani fedha. Wanaofungwa wananyanyuka, wanawapisha wanaosubiri, na mara nyingi kahawa ya raundi ile ni juu yao. Wengi wa wazee hawa ni Waislamu walioshika dini, na kamari kwao ni haramu bila mjadala. Nawaheshimu kwa hilo, na naamini pia limeufaa mchezo. Mahali ambapo hakuna cha kuchukua isipokuwa sifa, mtu huucheza mchezo wenyewe. Wale vijana wa karata tatu, wanaotandaza boksi pembeni mwa njia na kumwita mpita njia abashiri ree iko wapi, siwahesabu humu. Kule hakuna unachoweza kukikumbuka kikakusaidia. Mkono umeshaamua kabla hujatoa noti.

Ishirini na moja ni kitu kingine, na wanaoidharau kuwa ni bahati tupu hawajaitazama vizuri. Dar es Salaam ina kasino zake katikati ya jiji. Ya Hoteli ya New Africa iko mwendo mfupi tu kutoka Sanamu ya Askari, na zote ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kanuni za meza ni fupi. Wazungu wote wana thamani ya 10. Ree ni 1 au 11, utakavyo. Unaongeza karata ukitaka kukaribia 21. Ukiipita, umeliwa hapohapo. Mgawaji hana hiari: akiwa na 16 lazima aongeze, akifika 17 asimame. Ninapenda kuwatazama wagawaji. Wanafagia meza kwa kiganja kimoja, wanalipa bila kuhesabu mara mbili, na kabla ya kumwachia mwenzao zamu wanapiga viganja pamoja na kuvigeuza juu chini, ili kamera ya darini ione hawana kitu.

Kwa kuwa mgawaji amefungwa na kanuni, mchezo wake unaweza kupigiwa hesabu. Mwaka 1956 Wamarekani wanne, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha hesabu hiyo katika jarida la chama cha wanatakwimu wa nchi yao. Walikuwa wameipata wakiwa jeshini, kwa mashine za kujumlishia za mezani. Walionyesha kwa kila mkono ulio nao, na kwa karata moja ya mgawaji inayoonekana, lililo bora kufanya. Ukiwa na 12 na mgawaji anaonyesha 6, simama: mgawaji mwenye 6 huipita 21 karibu mara 42 katika 100, basi mwache ajiue. Ukiwa na 16 na yeye ana 7, ongeza, japo karata 8 kati ya kila 13 zitakuua. Ukiwa na 16 mbele ya kumi yake, uko pabaya ufanye lolote. Kuongeza kunapunguza hasara kwa kiasi kidogo mno, na mjuzi hukichukua hicho kidogo.

Anayezifuata hesabu hizi sawasawa, kwenye meza ya kanuni nzuri, anaiachia kasino karibu nusu ya asilimia moja. Katika kila 100,000 anazoziweka mezani, kwa wastani zinakwenda 500. Kwenye gurudumu la ruleti la Ulaya, lenye sifuri moja, zingekwenda 2,700. Tofauti hiyo yote imeletwa na kukumbuka na kutii.

Na hapa msafiri wa Kariakoo ana lake la kufundisha. Watu wetu wanasafiri: Guangzhou, Istanbul, Dubai, Johannesburg. Karibu kabisa na uwanja wa ndege wa OR Tambo kuna kasino kubwa ya Emperors Palace, na msafiri anayesubiri ndege ya asubuhi hakosi kuziona taa zake. Nimewahi kukaa eneo kama hilo na mfanyabiashara mwenzetu. Alizunguka meza zote kabla ya kuvuta kiti, kama anavyouzunguka Mtaa wa Congo akiuliza bei kabla hajanunua hata kifungo. Alikuwa anasoma maandishi yaliyochapwa kwenye kitambaa cha meza. Meza nyingine inalipa ree na kumi kwa tatu kwa mbili: ukiweka 10,000 unapata 15,000. Nyingine inalipa sita kwa tano: kwa 10,000 ileile unapata 12,000. Wageni wengi hukaa popote penye kiti na mgawaji mwenye tabasamu. Lakini hiyo sita kwa tano peke yake huongeza fungu la kasino kwa karibu asilimia 1.4, yaani inalizidisha zaidi ya mara tatu. Alipita zile meza bila kupunguza mwendo.

Mezani hakuzungumza sana. Mgawaji alipoonyesha ree na kuwauliza wachezaji kama wanataka bima, yaani dau la pembeni kwamba karata yake iliyofichwa ni kumi, alitikisa kichwa kukataa, na hakubadilika mpaka anaondoka. Bima inalipa mbili kwa moja, kwa hiyo ingekuwa sawa kama kumi zingekuwa theluthi ya karata. Ni nne katika kumi na tatu. Mtu aliyezoea kujua karata ngapi zimebaki hahitaji kalamu kuliona hilo. Alikuwa ametenga kiasi cha fedha kwenye mfuko wa shati, na kilipokwisha alinyanyuka akaenda kulala, akazungumzia bei ya majora njia nzima.

Mwaka 1962 mwanahisabati Edward Thorp alitoa kitabu *Beat the Dealer* na kuonyesha hatua iliyobaki. Karata zilizotoka hazirudi mpaka zichangwe upya. Basi kumi na ree zikibaki nyingi, meza inamwelemea mgawaji. Njia iliyoenea baadaye ni nyepesi kuieleza: mbili hadi sita, ongeza moja; kumi, wazungu na ree, punguza moja; saba, nane na tisa, ziache. Unabeba namba moja tu kichwani, ikipanda na kushuka, kupitia pakti sita zenye karata 312. Faida yake ni karibu asilimia moja, na kuipata kunahitaji mtu asichoke, asikasirike, asilewe. Kwangu hiyo ni akili ileile ya kwenye ngazi za Mtaa wa Pemba. Ajabu ni namna inavyopokelewa. Kasino ikimgundua mwenye kuhesabu humwomba aondoke, ingawa hajagusa karata wala kumdanganya mtu. Mwenye kuhesabu mmoja, Ken Uston, alilipeleka jambo hilo mahakamani, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikasema kasino za kule hazina haki ya kumfukuza mtu kwa kuwa anahesabu. Zikajibu kwa kuongeza pakti na kuchanga mapema zaidi. Siku hizi meza nyingi duniani zina mashine inayochanga bila kusita, na kumbukumbu ya mchezaji haina tena cha kushika.

Kariakoo anayehesabu huwekewa nafasi benchini. Vijana humwamkia shikamoo na kusogea, na anapocheza hukaa nyuma ya bega lake wajifunze. Yule mzee ana masharti yake kwa anayetaka kushika karata pamoja naye. Kwanza atazame tu. Mchezo ukiisha, kabla karata hazijafunuliwa, mzee anamuuliza: seti ya kopa ililiwa na nani? Mzungu wa tatu wa shupaza alitoka kabla au baada ya ree? Upande wetu una ngapi? Kijana akijibu zote, anapishwa kiti siku hiyohiyo. Akikosa hata moja, anaagiziwa kahawa, anakaa palepale nyuma ya bega, na mchezo mwingine unaanza.