Kungoja na Kutumaini katika Kitenzi Kimoja cha Kihispania

Mwanafunzi afunguapo kamusi ya Kihispania na Kiingereza kutafuta kitenzi esperar, hukuta maana tatu zimepangwa mbele yake: wait, hope na expect, yaani kungoja, kutumaini na kutaraji. Akifanya haraka atahukumu kwamba Wahispania walishindwa kupambanua mambo waliyoyapambanua Waingereza. Hukumu hiyo si ya haki.

Asili ya neno ni Kilatini, sperare, kutumaini. Kifaransa na Kiitaliano vilihifadhi maana hiyo katika espérer na sperare, vikatafuta vitenzi vingine, attendre na aspettare, kwa ajili ya kungoja. Katika Kihispania tumaini lilitwishwa kazi zote mbili, na sarufi ikawekwa mlinzi wa mpaka. Espero el tren ni kungoja treni. Espero que venga, ambamo venga hufanya kazi kama "aje" ya Kiswahili, ni kutumaini kwamba fulani atakuja. Lakini espero a que venga, kwa nyongeza ya herufi moja tu, ni kungoja mpaka aje.

Shida huanza kitenzi kisimamapo peke yake. Gabriel García Márquez wa Kolombia aliijua siri hiyo alipoandika El coronel no tiene quien le escriba, hadithi iliyotoka katika jarida mwaka 1958 na kuwa kitabu mwaka 1961. Kanali mzee, mpiganaji wa vita vilivyokwisha mwaka 1902, huenda kila Ijumaa kuilaki mashua ya posta, huenda barua ya malipo yake ya uzeeni imefika. Haifiki. Mapema katika hadithi yasemwa kwamba tangu vita kwisha mzee huyu hakuwa na kazi nyingine ila esperar. Hapana treni hapo, wala venga ya kumwongoza msomaji.

J. S. Bernstein, mfasiri wa Kiingereza wa mwaka 1968, alichagua wait. Uchaguzi huo wateteka, kwani hope ingemfanya kanali mwota ndoto, na expect ingemfanya mdai wa deni. Hata hivyo hasara ni kubwa. Mtu wa wait aweza kuwa ameketi tu, moyo wake mtupu. Mke wa kanali, mgonjwa wa pumu, hagombani na kungoja kwa mumewe. Agombana na tumaini lake, kwa sababu jogoo wa mapigano aliyeachwa na marehemu mwana wao alishwa mahindi nao hawana cha kupika. Ugomvi huo wote umo ndani ya esperar tangu mwanzo. Katika Kiingereza huzuka baadaye, kama jambo jipya.

Mfasiri wa Kiswahili naye asijivune. Kungoja kungemtia katika hasara ile ile. Kusubiri kuna subira, lakini subira yaweza kukaa bila tumaini. Kutaraji, neno ambalo katika Kiarabu asili yake ni kutumaini, limekwisha kupoa likawa la hesabu na makadirio. Labda kutazamia kungefaa zaidi, maana ndani yake mna kutazama, na macho ya kanali hayaiachi mashua hata mfuko wa barua ushushwe.