Bwana Harusi wa Venisi

Kwa miaka mingi nilifundisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1969, na sasa katika uzee wangu nakiri kwamba sikuwahi kuisoma vizuri. Wanachuo wangu wa ualimu niliwafundisha kama nami nilivyofundishwa: fani upande huu wa ubao, maudhui upande ule. Chini ya maudhui tuliandika ubepari, riba, ubaguzi, urafiki. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja tu katika jina la mchezo wake. Mwalimu akawafanya wengi na kuwaita mabepari, nasi tukaridhika kwamba jina lenyewe limekwisha kutoa hukumu. Muda uliobaki ulikwenda wote kwa Shylock. Je, ni mkatili, au ametendewa ukatili? Swali hilo nimelitungia mitihani mara zisizohesabika.

Bassanio tulimpita haraka. Alikuwa mchumba wa Portia, basi.

Aliyenirudisha kwenye kitabu hicho ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayenifuata, ambaye ni mtumishi wa serikali hapa Dodoma. Alikuja nyumbani jioni moja akiwa na kadi ya mchango. Kadi hizo msomaji anazifahamu: familia ya fulani inayo furaha kukujulisha kuwa kijana wao mpendwa anatarajia kufunga ndoa, unaombwa mchango wako wa hali na mali, tarehe ya mwisho ni hii, namba ya simu ya mweka hazina ni hii. Nimezipokea nyingi hata nimeanza kuzisoma kihakiki, na naona kasoro yake kubwa ni kwamba mhusika mkuu hasemi neno. Familia inafurahi, kamati inaomba, wewe unaombwa. Bwana harusi anatajwa jina tu.

Huyu wangu alisema, lakini ilichukua vikombe viwili vya chai.

Bajeti ya kamati ilikuwa shilingi milioni 28. Ahadi zilifika milioni 17, na fedha iliyokuwa mkononi ilikuwa milioni 6. Mwenye ukumbi alitaka malipo ya awali, mpambaji naye vivyo hivyo, na kamati ikamwambia kijana, tangulia wewe, michango ikiingia tutakurudishia. Akaenda kukopa milioni 4 kwa mtu mmoja mjini, akamwachia kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri. Kila mwisho wa mwezi mkopeshaji huyo ndiye aliyekwenda benki wa kwanza. Bunge lilikwisha kutunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, lakini mtu mwenye haraka ya harusi hasomi sheria. Mikopo ya namna hiyo watu wameipa jina lao wenyewe: kausha damu.

Niliposikia jina hilo nilisimama, nikaenda kabatini.

Tazama jinsi mchezo unavyoanza. Bassanio amekwisha kutumia mali yake kwa kuishi maisha makubwa kuliko pato lake, na anadaiwa na wengi, zaidi ya wote na rafiki yake Antonio. Sasa anataka kumwoa Portia, binti tajiri wa Belmont, na anaona haya kwenda mikono mitupu mbele ya wachumba wengine. Antonio hana fedha mkononi. Mali yake yote iko baharini, lakini yuko tayari kumdhamini. Ndipo zinapokopwa dukati 3000 kwa miezi mitatu, na rehani ni ratili moja ya nyama ya Antonio. Ahadi za kamati ya harusi ni merikebu za Antonio. Kila mmoja anakuhakikishia kuwa ziko njiani.

Kwa haki ya Bassanio, alishtuka aliposikia sharti lile, akasema ni heri abaki na shida yake kuliko rafiki yake atie sahihi mkataba wa namna hiyo. Sentensi hiyo mimi niliisifu darasani. Sikuwaonyesha wanafunzi kwamba baada ya kuisema alinyamaza, Antonio akatia sahihi, na fedha ikapokelewa.

Na fedha ile ilifanya nini? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu usiku. Tunapomwona tena, Bassanio anahimiza sare za watumishi zishonwe na chakula cha usiku kiandaliwe; anamwajiri mtumishi mpya na kuamuru apewe sare yenye mapambo kuliko ya wenzake. Kisha anamtanguliza mjumbe Belmont na zawadi za thamani. Sare, karamu, zawadi, usafiri. Hakuna kilichomo humo ambacho kamati ya mpwa wangu haikuwa nacho katika orodha yake. Kumbe sheria yenyewe haimdai bwana harusi makubwa: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 na mashahidi wasiopungua wawili, na inasema wazi kuwa ndoa haibatiliki kwa kukosa mahari. Ukumbi haikuutaja.

Kisha yanakuja masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Mahali hapa nilipafundisha vibaya kuliko pote. Bassanio anasimama mbele yake akihubiri kwamba mapambo ya nje hudanganya, katika mahakama, katika dini, katika sura za wanawake, na kwa hiyo anachagua risasi na kumpata Portia. Tuliandika ubaoni: Bassanio ni mwenye busara. Lakini mwenye maneno hayo amefika pale akiwa amevaa mapambo ya mkopo kuanzia kofia hadi viatu. Yeye ndiye sanduku la dhahabu. Sidhani kama Shakespeare hakuliona hilo. Sisi walimu ndio hatukuliona, kwa sababu tulikuwa na haraka ya kufika mahakamani kwa Shylock.

Na lini anamweleza bibi harusi? Baada ya kuchagua, baada ya kuvishwa pete, barua ya Antonio inapofika kwamba merikebu zimepotea. Hapo ndipo anapokiri kwamba alipomwambia hana kitu alikuwa bado anajisifu, kwa maana yuko chini ya asiye na kitu. Kabla ya barua hiyo alikuwa na nafasi tele ya kusema.

Nilimwuliza mpwa wangu, "Mwenzio analijua hili deni?"

"Hapana, mjomba. Nitamweleza tukishaoana."

Portia aliokoa jambo kwa hila ile maarufu: kata nyama, ila tone la damu lisimwagike. Wanafunzi wangu walikuwa wakipiga makofi. Nami nasema, kwa heshima zote, kwamba upande wa bwana harusi mchezo huu unamaliza kwa urahisi mno. Katika sehemu ya mwisho Bassanio anashitakiwa na mkewe kwa kosa la kuitoa pete; juu ya deni hashitakiwi hata kidogo. Kisha habari inafika kwamba merikebu tatu za Antonio zimeingia bandarini salama. Sisi wa Dodoma hatuna bandari.

Lakini ukali wangu huu nao una historia. Nilioa mwaka 1976, nikiwa mwalimu kijana, na ukame wa miaka michache nyuma ulikuwa umemaliza ng'ombe wa baba. Mahari kwetu Wagogo huitwa chigumo, na upande wa mama husaidia. Mjomba wangu alitoa ng'ombe wanne. Wawili kati yao hawakuwa wake. Rafiki yake wa kijiji cha jirani alikuwa amemwachia awachunge na kuwakamua. Mjomba hakusema, nami nilijua, nikanyamaza. Alimlipa rafiki yake kidogo kidogo, ndama huyu, mbuzi wale, kwa karibu miaka kumi. Mke wangu hakuyasikia kwangu. Aliyasikia mwaka 1985 kwenye msiba wa mjomba, pale mtoto wa yule rafiki alipokuja kuulizia ng'ombe mmoja aliyesalia.

Kwa hiyo sikumpa mpwa wangu hotuba. Nilimwambia akamweleze mwenzake kwanza, kisha waje wote wawili.

Walikuja baada ya siku tisa. Binti alikuwa na daftari, na ndani yake amenakili orodha yote ya kamati na kukata kwa wino mwekundu: keki ya ngazi tano, gari la pili, sare za wasimamizi, matarumbeta. Ukumbi ulibaki kwa kuwa malipo ya awali hayarudishwi. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni shemeji yangu, hajanisamehe mpaka leo. Mimi nilimpeleka dume langu moja mnadani Msalato. Bei haikuwa nzuri, ila ilitosha kuikomboa ile kadi ya benki baada ya wao kuongeza chao.

Jioni ile ya daftari tulikuwa tumekaa barazani. Nilikuwa nimewasimulia habari za mjomba na ng'ombe wale wawili, na nadhani nilisimulia vizuri. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu, "Samahani, mjomba. Na wewe mama ulimwambia lini?"

Mke wangu alikuwa mlangoni ameshika sinia la chai. Nikamwachia ajibu mwenyewe.