Busu la Uhura na Hukumu ya Watazamaji

Mchezo wa televisheni "Plato's Stepchildren", wa mfululizo wa Star Trek, ulioonyeshwa Marekani tarehe 22 Novemba 1968, hukumbukwa kwa jambo moja: nahodha Kirk, Mzungu, alimbusu Luteni Uhura, mwanamke mweusi ambaye jina lake limetokana na neno la Kiswahili, uhuru. Wakubwa wa NBC walihofia ghadhabu ya watazamaji wa majimbo ya Kusini. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alisimulia baadaye kwamba barua zilifika nyingi, na karibu zote zilikuwa za sifa.

Hapana shaka watazamaji waliwashinda wakubwa kwa utu. Walakini sifa hizo zina upungufu. Katika kisa chenyewe wawili hao hawabusiani kwa hiari yao. Wanashurutishwa kwa nguvu za akili na watawala wa sayari ya Platonius, wanaojifurahisha kwa fedheha yao. Aitwaye kwa jina la uhuru ananyimwa uhuru hadharani. Basi ushujaa wake haumo katika busu, bali katika maneno yalitanguliayo, asemapo kwamba haogopi. Mtazamaji alisifuye busu na kuyasahau maneno hayo amesifu kitendo cha wadhalimu, akamwacha Uhura mwenyewe.