Mkono wa Mchambuzi

Mavuno yakifika Kiminini, nchini Kenya, turubai hutandazwa uani, mahindi yaliyomenywa humwagwa juu yake, na akina mama huketi kuyachambua kabla ya kupukuchua. Mzoefu hakodolei macho kila hindi. Hulishika, akaligeuza mara moja, kitako kisha ncha, na tayari ameamua liende upande gani.

Huanza na kitako kwa sababu kuvu ya Stenocarpella mara nyingi huanzia huko, ikipanda na utando mweupe katikati ya mistari ya punje. Hufuata ncha, kwani Fusarium graminearum huingilia kwenye ndevu za hindi na kushuka na rangi ya waridi. Mjanja wao ni Fusarium verticillioides: hupenya kwenye tundu la bungua, huozesha punje moja hapa, nyingine pale, na pengine huacha michirizi myeupe tu inayotawanyika kutoka utosini mwa punje.

Macho yakisita, mkono huamua kwa uzito. Kuvu haina meno. Hula kwa vimeng'enya inavyovimwaga nje ya mwili wake. Selulasi na silanasi hubomoa kuta za seli, amilasi huvunja wanga uwe sukari, kisha kuvu huifyonza. Hindi lililoliwa hivyo huwa jepesi, na wepesi huo ndio mchambuzi anaoupima kiganjani bila mizani.

Wanga huohuo una balaa lingine. Mwaka 2005, watafiti Bluhm na Woloshuk wa Marekani walionyesha kwamba amilopektini, sehemu kubwa ya wanga wa mahindi, huichochea F. verticillioides kutengeneza sumu ya fumonisini. Sumu hiyo huua punda na farasi kwa kuharibu ubongo, na moto wa kupikia ugali hauimalizi.

Hapo ndipo ustadi wa mkono unapokomea, maana punje nzuri machoni huweza kuwa na sumu. Kuchambua huipunguza sana, hakuifuti. Bado mahindi yaanikwe upesi mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5.

Tena fundi kamili hujulikana kwa rundo la pili, lile la mabovu. Likipewa kuku au likitumiwa kupikia pombe ya busaa, sumu imerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma, na kazi ya siku nzima imefanywa nusu.